Landrova ya Bi Mboni Inapozima Asubuhi

Watu wa Nguvumali, mjini Tanga, wakikuelekeza kwa Fundi Sabiri hawakutajii mtaa wala namba ya nyumba. Watakwambia fuata harufu ya dizeli mpaka uikute imechanganyika na harufu ya nazi, hapo bisha hodi. Gereji yenyewe ni uani kwake, bati lililobebwa na nguzo za mkoko. Upande wa pili wa ua ndiko mkewe Semeni anakokunia nazi na kupika mafuta ya kuuza. Katikati kuna ukuta wa makuti, na tangu waoane ukuta huo ulikuwa na sheria moja waliyokubaliana bila kuisema mara mbili: cha gereji hakivuki kwenda jikoni, na cha jikoni hakivuki kuja gereji.

Sabiri ni mtu wa maneno machache. Magari ya siku hizi, yanayochomekwa waya na kompyuta ikasema yanaumwa nini, hayajui wala hajidai kuyajua. Anachokijua ni dizeli za zamani, zile zinazoongea zenyewe. Gari ikikosa nguvu mlimani, au ikizima njiani, yeye hakimbilii nozeli zinazonyunyizia injini mafuta, kama vijana wengi wanavyofanya. Huanzia tangini, ambako mafuta hutoka, akayafuata bomba kwa bomba mpaka yanakoingia kwenye injini. Hugusa, hunusa, hulegeza skrubu ya kutolea upepo, akapampu kwa mkono na kutazama kama kinachotoka ni mafuta matupu au kina mapovu. Na gari iliyotengenezwa ikirudi na ugonjwa mpya, alikuwa na swali moja alilowafundisha wote waliopita mikononi mwake: nani aliigusa mwisho? Uanzie hapo.

Swali hilo ndilo ambalo safari hii hakujiuliza.

Landrova ya Bi Mboni alikuwa akiitibu tangu enzi za marehemu mumewe. Ni gari ya kubebea mizigo ya akina mama wa Mwera: ndizi, mihogo, nazi, na wenyewe juu ya mizigo yao. Hulala Mwera, huondoka alfajiri, na jua likichomoza iwe inashusha Nguvumali. Dereva wake alikuwa Fanueli, kijana wa Kisambaa aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, mtu mtaratibu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Akina mama walimpenda kwa sababu hakuwa na matusi, na kwa sababu alikubali kusimama njiani mtu anapokumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani.

Ilikuwa katikati ya kipupwe, ile miezi ambayo Tanga nayo hupata asubuhi za kujifunika. Fanueli alileta gari akilalamika kwamba ikipandisha inakohoa. Sabiri aliifuata njia yake ya kawaida na hakuchukua muda kupata jibu. Kwenye skrubu ya upepo mapovu yalitoka kama sabuni, na bomba la shaba linalotoka tangini alilikuta na ufa mwembamba kama unywele, pale linapobanwa na nati. Injini ilikuwa ikivuta mafuta na hewa pamoja. Akaamua kulibadili, na kwa kuwa bomba linatoka, akaona bora amwage na tangi lenyewe aliondoe kutu.

Hapo ndipo alipohitaji dumu. Madumu yake yote yalikuwa na oili chafu. Semeni alikwisha toka kwenda sokoni. Sabiri akachungulia upande wa pili wa makuti, akaona dumu la njano limesimama peke yake, mfuniko haupo. Akalipindua. Halikutoa hata tone. Mkono wake ulihisi kauzito kidogo, na hili alilikumbuka vizuri baadaye, kwamba mkono ulimwambia. Lakini dumu lilikuwa la zamani, plastiki nene, na Fanueli alikuwa amesimama anasubiri. Akalivusha.

Mafuta ya gari yakakaa humo mchana kutwa, juani, wakati yeye anapiga tangi na kulisuuza. Alasiri akayarudisha tangini, gari ikawaka kwa jaribio la kwanza, Fanueli akamshukuru akaondoka. Dumu likabaki linanuka dizeli, halifai tena kwa chakula. Sabiri alinunua jingine, akaliweka pale pale, na Semeni alipouliza akamwambia lile la zamani limepasuka. Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba amevuka ukuta.

Siku chache baadaye simu ikaanza. Landrova imezima, iko Tongoni, katikati ya njia. Sabiri alichukua bodaboda, akafika jua limekwisha panda, akafungua hiki na kile, akapampu, gari ikawaka kana kwamba haikuwahi kuugua. Wiki hiyo hiyo ikazima tena, karibu na pale pale. Ajabu yake ni kwamba mchana ilirudi Mwera na mzigo wa bidhaa za madukani bila kukohoa. Ilikuwa ikizima asubuhi tu, ikiwa imetembea kitambo. Akina mama walifika sokoni wakati wanunuzi wa jumla wameshaondoka, ndizi zikauzwa rejareja mpaka zikaiva mikononi mwao.

Mara ya tatu Bi Mboni alikwenda mwenyewe. Alimpitia Sabiri na bajaji kukiwa bado na ukungu. Waliikuta gari pembeni ya barabara, akina mama wamekaa juu ya mikungu, wamejifunika khanga mpaka kichwani. Sabiri hakungoja jua. Alifungua kikombe cha filta akakuta kitu ambacho hakuwahi kukiona: mafuta mazito, meupe meupe, yameganda kwenye chujio kama samli. Akayasugua kwa vidole. Akanusa, lakini dizeli ilifunika kila harufu nyingine.

Akina mama walikuwa wamemzunguka. Bi Mboni alimuuliza ni nini, naye akasema maneno ambayo alikuja kuyasikia kichwani mwake kila alipolala na kila alipoamka.

"Mafuta haya yamechakachuliwa, Bi Mboni. Kuna mtu ametia kitu."

Hakumtaja mtu. Hilo ndilo alilojitetea nalo siku za mwanzo. Lakini ufunguo wa tangi alikuwa nao mtu mmoja, na habari za madereva wanaofyonza dizeli wakauza, kisha wakajazia chochote ili kipimo kisishuke, kila mtu barabara ile anazijua. Macho yote yakamwendea Fanueli.

Fanueli alisema hajatia kitu. Alisema na mahali anaponunua ni pale pale siku zote. Bi Mboni akamuuliza Sabiri kama mafuta yanaweza kuganda hivyo yenyewe. Sabiri akajibu hayawezi, na hilo lilikuwa kweli.

Hasina, muuza ndizi, mwanamke mwenye ulimi usiolala, akasema kutoka juu ya mkungu wake, "Kumbe. Sisi tunauliza gari inakunywa sana dizeli, kumbe anayekunywa ni dereva. Na mbona hunenepi, Fanueli?"

Wenzake wakacheka, kicheko cha watu waliopigwa baridi na kukosa soko. Bi Mboni alinyoosha mkono. Fanueli akampa funguo. Akachukua koti lake kwenye kiti, akageuka kwa Sabiri akamwambia, "Haya, fundi, baki salama," kwa sauti ile ile ya kila siku, akaanza kutembea kuelekea mjini.

Sabiri aliliosha chujio kwa dizeli aliyokuja nayo, gari ikawaka, na mafuta yale meupe akayachukua kidogo kwenye chupa ya soda. Hakujua kwa nini ameyachukua. Labda fundi ndani yake alikuwa hajaridhika.

Jibu lilimfika akiwa na bakuli la uji mkononi. Semeni alikuwa anachuja tui upande wake wa makuti, wakizungumza kama kawaida yao bila kuonana, yeye akieleza bei ya nazi ilivyopanda. Katikati ya maneno hayo akauliza kama mtu anayekumbuka jambo dogo.

"Hivi, Baba Tausi, lile dumu lilipopasuka, mafuta yangu ya chini yalikwenda wapi?"

"Mafuta gani?"

"Yaliyokuwa yameganda. Nililiacha wazi nje kusudi jua liyayeyushe, nije niyamimine. Si haba yale, kama kibuyu kizima. Nikasema labda umeyaokoa."

Sabiri aliweka bakuli chini. Mtoto wa pwani yeyote anajua kwamba mafuta ya nazi huwa maji wakati wa joto, na asubuhi za kipupwe hushika chini ya chombo yakawa magumu kama sabuni. Pindua dumu utakavyo, hayatoki. Yeye ni mtoto wa pwani, ameoa mpika mafuta, na alikuwa amelipindua dumu asubuhi ya baridi akaridhika kwamba ni tupu.

Alikwenda gereji akachukua chupa ya soda iliyokuwa na yale mafuta, akaiweka juani. Ilipofika adhuhuri chupa ilikuwa imetakata, rangi ya dizeli safi. Akachukua chupa nyingine, akatia dizeli mpya na mafuta kidogo ya mkewe, akatikisa, akaziacha zote mbili nje usiku. Alfajiri, kabla ya sala, alizikuta zimelingana: chini kuna weupe uliotuama, juu maji maji. Ugonjwa wote ukajieleza. Usiku, gari ikiwa imelala Mwera kwenye baridi, mafuta ya nazi yalituama na kuganda chini ya tangi. Gari ikiondoka, mtikisiko wa barabara uliyachota vipande vipande ukayapeleka kwenye chujio, mpaka Tongoni njia ikaziba. Jua likipanda, tangi likapata joto, yakayeyuka, njia ikafunguka. Wala hakuna dereva aliyetia kitu. Mkono wa mwisho kuligusa tangi ulikuwa wa Sabiri mwenyewe.

Sasa ungedhani mtu kama huyo, mpenda ukweli wa vyuma, angekwenda moja kwa moja kwa Bi Mboni. Hakwenda. Alijiambia kwanza aitengeneze gari, maneno yatafuata. Akaiomba siku ya Ijumaa, akatoa tangi, akaliosha kwa dizeli ya moto, akapuliza mabomba yote, akabadili filta, na Bi Mboni alipotaka kulipa akakataa, akasema ni kazi ya nyuma iliyobaki. Alidhani amelipa deni lake kwa namna hiyo. Gari ikaanza kutembea asubuhi kama ilivyokuwa. Dereva mpya, Innocent, hakupata kuzimikiwa hata siku moja.

Ndipo Bi Mboni alipopita gereji, amefurahi, kampelekea mhogo wa nazi kwenye sahani iliyofunikwa.

"Umeona, fundi?" akasema. "Tangu aondoke yule, haijazima. Mimi moyo ulikuwa unaniuma nikidhani nimemwonea mtoto wa watu. Lakini gari yenyewe imetoa ushahidi."

Sabiri aliipokea sahani. Alitaka kusema, akafungua na mdomo, lakini Semeni alitokea upande wa pili kumsalimia mgeni, na Bi Mboni akamgeukia kumuulizia mafuta ya kupaka. Mhogo ule hakuweza kuula. Kila alipotazama alijua kwamba kwa kuitengeneza gari kimya kimya amempigilia Fanueli msumari wa pili. Wa kwanza alikuwa ameupiga kwa kutojua. Huu wa pili ulikuwa wa mtu anayejua.

Alimwambia Semeni jioni ile ile, kabla giza halijaingia. Alieleza kila kitu, pamoja na uongo wa dumu kupasuka. Semeni alisikiliza huku mbuzi ya kukunia imesimama. Alichokuja kukisema hakikuwa kile Sabiri alichokitegemea.

"Na utawaambia akina Hasina kwamba ni dumu langu?"

"Nitawaambiaje bila kusema dumu?"

"Hao ndio wanaonunua mafuta yangu, Baba Tausi. Wanapaka watoto wao. Wakisikia dumu la Semeni na dizeli vimetajwa pamoja, nani atanunua tena? Watasema ua mzima ni gereji."

Semeni alikuwa na haki. Baadaye Semeni akaendelea kukuna nazi, na bila kumtazama akamuuliza yule kijana sasa anafanya nini. Sabiri akasema hajui. Semeni akasema, basi ungeanzia kujua hilo.

Alimkuta kwenye shamba la mkonge alikozaliwa, nje ya mji, anapakia matita kwenye trela. Mikono yake ilikuwa imechanika, maana ngozi ya dereva haikuzoea miiba. Fanueli alipomwona alifuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo, fundi."

Sabiri aliitikia marahaba kwa shida. Wakakaa kwenye kivuli cha trela, akaeleza: dumu, baridi, chupa mbili. Alieleza kama anavyoeleza kwa fundi mwenzake, hatua kwa hatua, kwa kuwa njia nyingine ya kueleza hakuwa nayo. Akamalizia kwa kumwomba radhi.

Fanueli akacheka kidogo, bila furaha. Akasema yeye alidhani labda kituo cha mafuta kimechanganya maji, hata akaenda kugombana nao. Akasema kanisani hawakumfukuza kwenye kwaya, la. Walimwomba tu ufunguo wa kabati la vyombo, wakasema apumzike kwanza. Mama yake, Anjela, huulizwa kisimani kama ni kweli. Alisimulia hayo taratibu, na Sabiri akatamani angetukanwa.

"Nimekusamehe, fundi," Fanueli akasema mwisho. "Lakini msamaha wangu unakusaidia wewe. Mimi haunisaidii kitu. Pale Tongoni ulisema ukiwa umesimama, mbele ya akina mama wote, na kila mmoja akaondoka na neno lako akalifikisha kwao. Ukasemee mbele yao wale wale. Usimwambie Bi Mboni pembeni."

"Nitasema."

"Na Hasina awepo."

Asubuhi moja Sabiri alisimama pale Landrova inaposhushia, amevaa kanzu safi kana kwamba anakwenda msibani. Akangoja mikungu ishuke. Akamwomba Bi Mboni awaite wote. Hasina alikuwa tayari ameanza, anauliza fundi kaja kuposa nani asubuhi yote hii, na kama ni yeye basi mahari yake ni tangi zima la dizeli. Wakacheka. Sabiri aliwaacha wacheke mpaka waishe.

"Siku ile nilisema mafuta yamechakachuliwa," akasema. "Aliyeyachanganya ni mimi. Nilimwaga tangi kwenye dumu la nyumbani lenye mafuta ya nazi yaliyoganda, sikuangalia. Fanueli hakutia kitu. Na tangu nijue, nimenyamaza wiki mbili."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akauliza dumu la nyumbani la nani. Kabla Sabiri hajajibu, nyuma yake Semeni akasema, "Langu." Sabiri hakujua kama mkewe amemfuata. Alikuwa amesimama na kapu lake la mafuta, chupa zimepangwa kama siku ya mauzo. "Alilichukua bila kuniuliza, na halikurudi jikoni kwangu. Mwenye wasiwasi anusie."

Hakuna aliyenusa, na siku hiyo hakuna aliyenunua.

Bi Mboni alikaa juu ya gunia, mkono shavuni. Alisema neno moja tu, "Fundi." Hasina ndiye aliyezungumza, na ulimi wake safari hii ulikuwa mzito.

"Kwa hiyo mimi nimemwita mtoto wa watu mnywa dizeli kwa neno lako wewe. Nimelisema Mwera nzima, fundi. Nimelisema mpaka harusini. Sasa nianze nyumba gani kulifuta?"

Bi Mboni alikwenda kambini mwenyewe, akakaa na Anjela, akaomba. Innocent akatafutiwa kazi kwa jamaa wa Bi Mboni mwenye lori, na Fanueli akarudi kwenye usukani. Kwaya nayo ilimrudishia ufunguo. Hasina alimpelekea mkungu wa ndizi mzuzu, na inasemekana safari nzima ya kwanza hakufungua mdomo, jambo ambalo akina mama walilisimulia kwa muda mrefu kuliko kisa chenyewe. Mafuta ya Semeni yalianza kuuzika tena polepole, chupa moja, kisha mbili.

Landrova haikurudi kwa Sabiri. Hakuna aliyemtangazia, Fanueli aliipeleka tu kwa fundi mwingine, upande wa pili wa barabara kuu, na Bi Mboni akamwacha achague. Wakikutana Fanueli humpigia honi na kumwamkia. Sabiri huitikia.

Landrova ikipita asubuhi, hunyanyua kichwa kutoka kwenye kazi iliyo mbele yake akaisikiliza inavyopanda kile kilima kidogo cha kuingilia mtaani. Juzi alisikia imeanza kukohoa tena, kidogo sana, mahali pale pale inapokosa pumzi. Alijua ni nini: ile nati ya bomba la shaba imelegea, inavuta hewa, kazi ya spana moja na dakika chache. Alifuta mikono akatoka mpaka barabarani. Gari ilikuwa imekwisha kata kona. Alisimama hapo na kitambaa mkononi, akiwaza kama ana haki ya kupiga simu, halafu akampigia yule fundi mwingine akamweleza aangalie wapi, na akamwomba asiseme neno hilo limetoka kwa nani.